Mama Mdogo Yupi?

4 Februari

Kaka yangu,

Habari za siku nyingi, na za kazi? Sisi wazima, ila cherehani yangu siku hizi inakohoa kuliko mimi. Mtoto wetu Chiriku hajambo. Jino la mbele limeng'oka, na bado maneno hayapungui.

Sasa nikwambie lililonikwama kooni. Shemeji yetu, yule aliyemwacha dada akiugua akahamia kwa mke wa pili, amekwenda mahakamani kumdai mtoto. Nikasema si kitu, wosia wa dada upo. Nikaupeleka. Wakili wa shemeji akausoma kwa sauti: "Mwanangu alelewe na mama yake mdogo." Akavua miwani. "Mheshimiwa, mke mdogo wa baba ndiye mama mdogo wa mtoto. Huyu hapa." Na kweli, yule mwanamke akasimama.

Kaka, nilicheka. Nilidhani na hakimu atacheka.

Jina langu halimo. Wosia uliuandika wewe kwa mkono wako, dada akikutamkia kule wodini. Hakimu anataka aambiwe na wewe mwenyewe dada alimkusudia nani. Kesi ni tarehe 20 Machi. Njoo.

Mdogo wako


21 Februari

Mdogo wangu,

Salamu tele. Mimi mzima, mikono tu imebabuka kwa sabuni. Mashuka ya hospitali hii hayaishi. Ukifua mia, mia nyingine yanakungoja.

Barua yako nimeisoma nikacheka mpaka wenzangu wakaniuliza kulikoni. Yule naye mama mdogo? Tangu lini? Amewahi hata kumsuka Chiriku nywele? Usijisumbue, mdogo wangu. Naomba ruhusa kwa msimamizi, naja nasema maneno mawili, yanaisha. Mwambie Chiriku mjomba anakuja na viatu vyekundu.

Kaka yako


26 Machi

Kaka,

Hujambo? Natumaini u mzima, ingawa kama u mzima basi sijui nikueleweje.

Tarehe 20 tulikaa kwenye benchi la korido tangu asubuhi. Kila mlango ukifunguliwa Chiriku anaruka: "Mjomba!" Mara ni karani, mara ni mtu wa chai. Hakimu ametupa mpaka tarehe 9 Aprili, na amesema hapo ndipo mwisho.

Afisa wa ustawi wa jamii alikuja nyumbani. Alifungua kabati, akatazama sufuria, akamuuliza mtoto analala na nani. "Na mama," Chiriku akajibu. Nikamweleza kwamba mama ni mimi, mama yake mdogo. Akaniangalia kwa huruma. "Dada, hapo hapo ndipo penye mgogoro."

Viatu anavidai kila siku. Wewe njoo hata bila viatu.

Mdogo wako


17 Aprili

Mdogo wangu,

Hata salamu naona haya kuziandika. Barua yako ya pili ilinifikia mapema, tena nimelala nayo chini ya mto. Msimamizi aliniambia nikitoka nisirudi, getini kuna watu kumi wanaitaka nafasi yangu. Hilo ni kweli, lakini silo lililonizuia. Ningemwachia mashuka yake.

Dada aliniambia niandike jina lako. Aliniambia mara mbili. Tulikuwa tunaandika nyuma ya karatasi ya majibu ya maabara, nafasi imebaki upana wa kidole, na muuguzi anatutoa maana saa ya kuona wagonjwa imekwisha. Nikamtania, "Kwani nani asiyemjua mama mdogo wa Chiriku?" Akatabasamu, akaweka dole gumba. Kesho yake akafa.

Ningeulizwa mahakamani kwa nini jina halimo, ningejibu nini, nawe umekaa mbele yangu? Niliogopa. Hakuna neno jingine.

Ndani ya bahasha kuna kiapo changu, kimegongwa mhuri na wakili wa huku. Nimeeleza yote. Najua tarehe 9 imepita, ila kiwahishe, huenda hukumu bado. Nisamehe.

Kaka yako


2 Juni

Kaka,

Salama huko? Mimi nipo.

Kiapo chako kilifika siku kumi na mbili baada ya hukumu. Karani alikisoma chote akiwa amesimama, akasema, "Hiki kingetosha." Hakimu alikwisha sema baba ni baba, na wosia haukutaja mtu. Rufaa nimekata. Itasikilizwa mwakani, na mtoto hukua haraka.

Walimchukua Jumamosi. Alibeba begi la shule na mto wake. Hakusema neno hata moja, yeye, Chiriku.

Jana mwalimu wake aliniletea karatasi aliyoiandika darasani: "Huku wanasema mama mdogo ni huyu wa huku. Nikikuita wewe hivyo wananigombeza. Sasa wewe nikuite nani?"

Nguo za watu zimelala mezani tangu jana. Nina hasira na wewe, sikufichi, ila sina kaka mwingine. Kalamu ya ukoo huu unayo wewe. Nimekuwekea karatasi nzima humu ndani, tupu pande zote mbili, nafasi haitakuishia. Mwandikie umwambie aniite nani.

Mdogo wako, mwenye jina lake