Baiskeli ya mazoezi kairudisha dukani

Jumanne, Madungu

Kumbe ushahidi nilimkabidhi muuzaji mimi mwenyewe.

Leo wakili wangu wa kesi ya fidia kaniuliza, "Bi Asha, hiyo baiskeli ya mazoezi iliyokatika kiti ukavunjika mkono, iko wapi?" Nikamwambia muuzaji aliichukua siku aliyokuja kunitazama, ati akaitengeneze. Kaja na haluwa na pole nyingi. Mgeni kama huyo unamkatalia vipi?

"Sasa hakimu tutamwonesha nini?"

Mkono bado haukunjiki. Mwanangu akilia nimbebe, mpaka mama mkwe aniwekee kifuani. Na mkono ukibaki hivi hivi...

Kesho naenda dukani kwa huyo muuzaji na sheha, kiongozi wa mtaa wetu, awe shahidi. Nitamsalimu vizuri, nitamuulizia watoto, kisha nitaidai baiskeli yangu mbele ya wateja. Naogopa nitaambiwa keshaiuza kama chuma chakavu.