Delfina, Majina Yako Kumi na Tisa

Jumapili, tarehe 9 Machi. Asubuhi hii ukungu umeshuka hadi kwenye mabati, na manyunyu hayajakatika tangu alfajiri.

Mpendwa Delfina, leo umetimia mwaka tangu Mungu alipokuita, na bado ninaweka vikombe viwili mezani kabla sijakumbuka.

Ninakula kwenye kona ya meza, pale pale uliponiachia. Karatasi zako za kadi, gundi, na mihuri uliyoichonga kutoka kwenye soli za kandambili zimeshika sehemu yote iliyobaki. Dada yako Rosaura alitaka kuziweka sandukuni, nikamwomba aziache. Meza ikiwa tupu, nitakaa upande gani?

Ulikuwa na subira. Ukigandamiza muhuri ulisali Salamu Maria moja nzima ndipo ukauinua, ili wino ushike bila kutapakaa. Ua la kadi ulilikata mara tatu, ukalipanga tabaka juu ya tabaka na vipande vya sponji katikati, likasimama kama limechanua. Maneno hukuyaweka nje kamwe. Ulisema mtu afungue kwanza, ndipo asalimiwe.

Kadi hizo zilikuwa za watu kumi na tisa wa parokia yetu, wazee na wagonjwa wasioweza kutoka nyumbani, kila mmoja kwa siku yake ya kuzaliwa. Wewe uliandika, mimi nilipeleka. Sikujua kusoma, na hukuwahi kuniaibisha kwa hilo.

Mwezi Mei nilijaribu peke yangu. Siku ya mama Targelia, mmoja wa wale kumi na tisa, naijua, maana alizaliwa siku moja na binti yetu Mariuxi. Nikachagua kadi nzuri kuliko zote ulizoacha, ile ya mayungiyungi meupe, nikampelekea. Alivaa miwani, akaifungua kadi. Kisha akanisomea: "Poleni kwa msiba. Apumzike kwa amani."

Sikujua pa kuuweka uso wangu.

"Wewe Amable," akasema, "umekuja kunizika? Basi ningoje nimalize kahawa yangu."

Tulicheka hadi akakohoa. Lakini nilipoaga alinishika mkono. "Mwanangu, mimi angalau nimepata ya msiba. Wenzangu tangu Delfina aondoke hawajapata kitu."

Mwezi Juni nikajiandikisha masomo ya jioni. Nina miaka sitini na saba, na mwalimu wangu ni mdogo kuliko Mariuxi. Nilisali kabla ya kila somo, na nikirudi nyumbani nilifanya mazoezi kwenye daftari lako la majina yao na siku zao za kuzaliwa. Yalikuja polepole. Mzee Polivio, yule aliyekuwa akinisubiri dirishani nimletee kadi yake, alifariki mwezi Septemba. Jina lake nililisoma kwa mara ya kwanza siku nne baada ya kumzika. Siku yake ya kuzaliwa ilikuwa imepita tangu Julai. Nililia pale jikoni, Delfina, na hapakuwa na wa kuniambia basi, inatosha.

Unakumbukwa na mimi mumeo Amable, binti yetu Mariuxi aliyeko ng'ambo, Murcia, dada yako Rosaura, mama Targelia, na wote waliozoea kukungoja. Hakuna siku utakayotutoka moyoni.

Leo, baada ya misa yako, niliomba ruhusa kwa padri nikasimama mbele ya waumini. Mama Targelia alikuwa mstari wa mbele, wajukuu zake walimbeba na kiti chake. Nilisoma majina kumi na manane, moja moja, bila kusaidiwa, na la Mzee Polivio nikalisoma mwisho, nikamwombea. Kisha nikasema, wote wakisikia:

"Mbele za Mungu na mbele yenu, siku ya kuzaliwa ya kila mmoja wa hao kumi na wanane nitafika na kadi niliyoiandika kwa mkono wangu. Haitapendeza kama ya Delfina, lakini itafika."