Koti la Naftali Maktabani

Ndeshi mjukuu wangu, ilikuwa mwaka 1952, wakati wa masika, Wameru wakiwa wametoka tu kufukuzwa na wakoloni kwenye ardhi yao.

Mzee Naftali wa Nkoaranga, ambaye mibuni yake ilikuwa ikikauka, akaenda maktaba ya chuo kimoja huko bondeni kuazima kitabu cha magonjwa ya kahawa.

"Chukua bure, baba," akasema mtunza maktaba. "Tia sahihi tu."

Bure, Ndeshi! Bure, kisha sahihi!

"Sahihi? Unataka shamba langu?"

"Nataka kitabu kirudi, baba!"

"Basi shika koti langu."

Akapanda mlima mvuani akitetemeka, kitabu kwapani.

Mibuni ilipochipua, akakirudisha. Lakini hakukiachia, Ndeshi, hakukiachia kabisa, mpaka alipokwisha kulikagua koti, mfuko kwa mfuko, kifungo kwa kifungo.

Ndipo alipokiweka mezani.

"Haya. Sasa hatudaiani."