Hesabu ya Damu ya Mado

Likasi, Alhamisi, Novemba 1994. Mvua tangu alfajiri, umeme wa bwawa la Mwadingusha hakuna, na moyo wangu hautulii.

Nimefaulu. Naanza na hilo, labda nikiliandika nitalifurahia.

Tangu wenzetu wenye brevet walipofukuzwa na kupandishwa treni kwenda kwao Kasai, nimeshika maabara ya hospitali bila cheti hicho. Leo jury ya watahini wa Lubumbashi imekuja kutupima. Unahesabu chembe nyeupe za damu kwa darubini, kisha mtahini anahesabu damu ileile. Ukipishana naye, umeanguka.

Darubini zetu za zamani zinategemea mwanga wa jua, kwa hiyo tulihamishia meza barazani, tukangoja mawingu yapungue. Mzee wa jury aliinama, akahesabu, akanitazama.

"Mama, hesabu yako na yangu iko sawasawa. Félicitations."

Wenzangu wakapiga vigelegele. Mimi nilitaka kulia.

Maana nilijifunzia kwenye damu ya mdogo wangu, Mado. Kila alasiri alinipa kidole nikitoboe, huku akiniita Yaya, dada mkubwa, na kunichokoza: "Yaya, unanimalizia damu! Weye utapata brevet, minye nitabakia na nini?"

Jumapili niliona chembe zake nyeupe zimejaa kupita kiasi, kuliko homa yoyote niliyowahi kuipima, jinsi zinavyojaa kwenye saratani ya damu. Nikalaumu siki tunayochanganyia damu tangu dawa zikatike. Nikalaumu macho yangu. Nikarudia, na tena nikarudia, hesabu haikubadilika. Mwishowe nikajiambia kwamba sijui kuhesabu, nikashikilia hilo, ingawa Mado hamalizi sahani yake siku hizi, na analalamika tumbo limemjaa upande wa kushoto.

Sasa jury imesema najua.

Nyumbani nimekuta Mama ameshaita majirani wa kikundi cha sala tusherehekee. Mado amejifunga kitenge changu kipya, anacheza, ananinyoshea kidole mbele ya wote: "Yaya, twaa basi, damu ya mwisho!" Nimecheka pamoja nao. Halafu nimejifungia chumbani. Ninaogopa, ninaogopa sana.

Mzee wa jury analala kwa masista, na lori la jury linaondoka kesho. Nitampelekea Mado kabla hajapanda. Sitamwambia mimi nilipata nini. Ahesabu mwenyewe.

Leo kutwa nimeomba hesabu yake na yangu zilingane. Kesho, Bwana, zisilingane.