Mstari wa Kambare

Jumatatu, 7 Oktoba. Mikumi.
Utangulizi, mara ya nne. Kila asubuhi naandika "Kilimo ni" halafu nakwama hapo hapo. Bwana shamba wa miaka arobaini na sita, kipara tayari, na bado ni mwanafunzi. Mke wangu anapita na ndoo, anauliza, "Hicho kilimo bado hakijawa kitu?" Bado. Chuo kinataka karatasi moja ya utafiti ndipo kinipe cheti: kijiji kipya cha ujamaa cha Kisanga kikae wapi, bondeni au juu kwenye mwinuko. Wilaya nayo inaisubiri. Kwa mara ya kwanza naandika kitu kitakachosomwa. Naogopa.

Alhamisi, 10 Oktoba. Kisanga.
Mbinu: kuhoji nyumba kwa nyumba. Mwenyekiti wa kijiji kanizungusha mwenyewe, mtu mwema, kila mlango yupo. Wote wanasema bondeni pazuri. Udongo mweusi, maji karibu.
Mwisho kwa Bi Mwanaidi. Ukoo wake na wangu ni watani tangu enzi za mababu. Hakungoja nikae.
"Mtani, umekuja kuhesabu kuku wangu ujue wa kuiba?"
Nikamwambia kuku wake walivyokonda, hata mwizi angewaachia chakula.
"Basi andika. Mkitupeleka bondeni, masika mto utaingia, tutavuna kambare kwenye mahindi. Na wewe nitakuzika humo humo, bila sanda."
Tulicheka wote. Mwenyekiti alishika mbavu. Nimeandika daftarini neno kwa neno.

Jumanne, 22 Oktoba. Mikumi.
Matokeo. Kaya zote zimekubali bondeni isipokuwa moja. Rasimu imerudi kutoka kwa msimamizi wangu chuoni, wino mwekundu pembeni: "Kambare ndiyo nini?" Ana haki ya kuuliza. Nimeutazama ule mstari muda mrefu. Mtu aniite mwizi wa kuku, halafu nimfanye shahidi? Maneno ya mtani hayaingii kwenye jedwali.
Nimeukata. Jedwali limenyooka. Nimejiona msomi. Nimekunywa chai vikombe viwili.

Jumamosi, 2 Novemba. Kilosa.
Hitimisho ni maneno mawili: bonde linafaa. Nimeleta karatasi mwenyewe, na tai nimevaa, ya kuazima. Afisa wa wilaya amesoma hitimisho tu. Kanishika mkono. Mbinu zangu, kurasa tisa za jasho, hakuzifunua.

Ijumaa, 13 Desemba. Kisanga.
Wamehama leo. Bi Mwanaidi kaja na mlango wa nyumba yake kichwani. Alinipita bila kusimama. "Mtani, nimebeba na ndoano."
Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka machozi.

Jumapili, 6 Aprili. Mikumi.
Mvua, siku ya tano. Dereva wa trekta kafika kutoka Kisanga, matope mpaka kiunoni. Mto umeingia kijijini. Watu salama, wamekimbilia juu kwenye mwinuko. Mahindi hakuna. Nyumba za upande wa chini hakuna.
Sikuuliza za nani. Nilijua kiwanja alichopewa Bi Mwanaidi. Nilikipima mimi.

Jumatano, 9 Aprili. Mikumi.
Nimetoa daftari. Mstari upo, mwandiko wangu mzuri kabisa.
Sasa naona. Mwenyekiti, aliyelitaka bonde, alikuwa amesimama pale. Nani angempinga mbele yake? Mtu mmoja tu, mwenye ruhusa ya kunitukana. Aliitumia ruhusa yote kunionya, mimi nikaona mchezo. Nami ndiye niliyezaliwa ndani ya utani huo. Msimamizi ametoka mbali, utani wetu haujui, hana kosa. Kosa ni langu.
Cheti kilifika jana. Kiko chini ya godoro.
Nimeandika sehemu ambayo karatasi haikuwa nayo: Upungufu wa Utafiti. Nimesema nani alinionya, alisema nini, na kwamba nilimkata. Sikuandika "huenda" hata mara moja. Nakala moja naipeleka Kilosa, na ombi wahamishiwe juu.

Jumamosi, 26 Aprili. Kisanga.
Wanajenga juu. Nilikwenda kumsomea Bi Mwanaidi ule Upungufu. Nilijiandaa kutukanwa. Niseme ukweli, nilitamani. Njia nzima nilitunga majibu.
Alitoka kwenye kibanda cha majani. "Karibu, Bwana Shamba. Habari za safari?" Akafuta kigoda kwa upindo wa kanga.
Nikajaribu. "Mtani, kuku wako wamejua kuogelea?"
"Kuku hawapo, Bwana. Kunywa maji."
Nilisoma ukurasa wote. Alisikiliza, mikono mapajani. Nilipomaliza alisema ahsante kwa kuandika.
Akanisindikiza mpaka njiani, nusu hatua nyuma yangu, mfuko wangu kaushika yeye, kama anavyosindikizwa mgeni.