Majina ya Khitima

Msimbati, Shaabani 1959

Shemeji Ismaili,

Sisi wazima, na muhogo umekubali. Khitima ni Ijumaa, lakini karatasi ya majina ya marehemu wetu hatunayo. Askari waliomkamata kaka yako Athumani, kwa kuandika gazetini kwamba kura zilihesabiwa kwa hila, waliichukua. Walipoona herufi za Kiarabu walidhani ni orodha ya wenzake. Wakamuuliza watu hao wamejificha wapi. Akajibu, "Makaburini." Wakampiga kofi.

Huu ni mwezi wa tano tangu wamchukue, na hatujui alipo.

Niandikie majina unayoyakumbuka, kuanzia babu. La Athumani usiliandike. Jana mwalimu wa madrasa aliniuliza kama tuliweke mwisho. Nilimtoa barazani, chai yake hajainywa.

Mke wa kaka yako,
Somoe