Kiti cha Mzee Gaskins

Barabara ya Sycamore,
Larkin Ferry, Alabama.
Jumapili, 9 Novemba 2014.

Mpendwa Shangazi Vernell,

Tangu Jumamosi ya Marejeo, wahitimu wa chuo waliporudi kusherehekea, nina sauti moja masikioni: klaa! Ni kiti cha chuma kikikunjwa. Naisikia nikifunga mlango wa gari, naisikia nikiweka sufuria jikoni. Lakini nikianza na kiti kabla ya kukujulia hali utasema kuishi kwangu Atlanta kumenilia adabu, kwa hiyo nirudi nyuma nianze kama nilivyofundwa.

U hali gani? Goti linakuachia usingizi siku hizi? Mvua ya Tacoma bado inanyesha kama isiyojua kazi nyingine? Sisi huku tu wazima. Babu anakula vizuri na kulalamika vizuri zaidi. Daktari alimwambia apunguze chumvi kwenye uji wake wa mahindi, naye akamjibu kwamba yeye ana miaka tisini na miwili, daktari hajafika hamsini, watazungumza akifika.

Ule mpekani wa nyuma ya nyumba ulivunjika tawi kubwa mwezi uliopita, likaangukia uzio. Uzio umetengenezwa. Mti mwenyewe mzima, na mwaka huu umezaa kokwa nyingi.

Najua hukungoja barua ili usikie habari za mti. Unangoja habari za uwanja. Najua pia umekwisha kukata tiketi ya ndege ya Aprili, uje uone jina la baba yako likifunuliwa langoni. Ndiyo sababu nakuandikia badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenisikia nikilia ukanihurumia upesi, nami bado sistahili.

Ulisikia ugomvi ulivyokuwa. Bodi ya chuo chetu cha Larkin ilitaka uwanja mpya uitwe kwa jina la kocha mmoja kati ya wawili: Babu, aliyefundisha kuanzia mwaka hamsini na moja hadi sabini na mbili, au Kocha Mabry aliyestaafu juzi. Vinyozi walikaribia kukatana masikio. Watu wa Babu walisema yeye ndiye aliyeshinda mara nyingi zaidi. Watu wa Mabry wakauliza, alimshinda nani? Na katika mpira wetu wa Kimarekani hilo ndilo swali la siku zote. Kila mtu anajua kuhesabu ushindi. Ubishi ni juu ya yule aliyekuwa upande wa pili.

Shemasi Pettway, mwenyekiti wa bodi, akanipigia simu. Alisema wanahitaji mtu wa takwimu, msomi, mtoto wa hapa, apime wapinzani wa makocha hao wawili. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Nikajiapiza kwamba sitampendelea Babu. Sikumwuliza swali hata moja, wala sikukaa naye nikamsikiliza, na nikajivunia jambo hilo kana kwamba kutomwuliza mtu ni usafi wa moyo.

Waliniomba nisome matokeo kwenye chakula cha Marejeo, pale ukumbini chini ya kanisa. Wewe uliyebeba masinia ya kambare ukiwa mtoto unaijua desturi ile kuliko mimi. Wageni hula kwanza, kwa sababu zamani timu ya ugenini ikitoka hapa isingepata mkahawa wa kupokea weusi mpaka ifike kwao. Na mlo haujaisha mpaka mgeni akunje kiti chake kwa mkono wake.

Mgeni mwaka huu alikuwa tena Mzee Burl Gaskins, aliyekuwa kocha wa chuo cha Tolliver miaka yote ile Babu alipokuwa kocha wa Larkin. Aliingia na fimbo yake na mkewe, akamwona Babu kutoka mlangoni.

"Hosea! Bado hujafa tu?"

"Nakungoja utangulie, Burl. Wageni kwanza."

Watu walicheka mpaka chai baridi ikamwagika. Kisha nikaitwa mbele.

Nilieleza kipimo changu. Timu hupimwa kwa nguvu ya wapinzani wake, nao wapinzani hupimwa kwa nguvu ya wapinzani wao, kama mnyororo, mpaka ufike kwenye vyuo vikubwa vinavyojulikana nchi nzima. Mabry alicheza na vyuo hivyo vikubwa. Alipigwa mara nyingi, akashinda mara moja, na mnyororo wake ukashika juu. Wa Babu haukushika popote. Kwa hiyo, nikasema kwa sauti yangu ya darasani, wapinzani wa Kocha Tarpley, ndivyo nilivyomwita Babu, walikuwa dhaifu. Nikatoa mfano. Tolliver, nikasema, ilikuwa karibu na mkia wa nchi nzima. Niliweka nukta ya mwanga mwekundu juu ya jina lenyewe kwenye skrini ili hata waliokaa nyuma waone.

Mtu mmoja wa upande wa Mabry akapaza sauti, "Sema, dada! Namba hazina babu!"

Ukumbi ukacheka. Shangazi, nami nilicheka.

Hapo ndipo nilipoisikia. Klaa! Mzee Gaskins alikuwa amesimama. Hakugomba wala hakunitazama. Alikiegemeza kiti chake ukutani kwa utaratibu, akakinyoosha kisiteleze, akamshika mkewe mkono. Samaki alikuwa bado kwenye sahani yake.

Wa pili kukunja kiti alikuwa Babu. Kisha wazee wote waliowahi kuvaa jezi ya Larkin, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikabaki nimesimama mbele ya ukumbi wenye meza tu, na mikate ya pichi ambayo haikukatwa.

Kabla mwangwi haujaisha nilikuwa nimejua nilichokosea, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Mnyororo ule haukukatika wenyewe. Ulikatwa. Vyuo vikubwa vya wazungu vilikataa kukanyaga uwanja mmoja na watu wetu, kwa hiyo Larkin ilicheza na Tolliver, Tolliver ikacheza na Larkin, na wote wakacheza na wengine kama wao. Hakuna ajuaye wangefika wapi. Na mimi, mahali pasipo na jibu, niliacha namba ya chini kabisa, kwa sababu ndivyo kompyuta inavyofanya usipoiambia vingine. Siwezi kusema sikujua. Kila mtoto aliyelelewa nyumba hii anajua. Nilijua kwa kichwa kimoja, nikapiga hesabu kwa kingine.

Nilimrudisha Babu nyumbani kwa gari. Tulipofika alivua kofia, akaketi kwenye meza ya jikoni.

"Lenora, nani alikufundisha aljebra?"

"Wewe, Babu. Kwenye meza hii."

"Nilikuambia x ni nini?"

"Kitu tusichokijua."

"Nilikuambia ni sifuri?"

Nilivuta kiti nikaketi mkabala naye.

"Mimi niweke unapotaka," akasema. "Mimi ni babu yako, nitakusamehe kabla ya chakula cha usiku. Lakini Burl ni mgeni wetu. Alikuja kula samaki, ukamlisha aibu mbele ya mke wake."

Akaenda kulala na jua bado liko juu.

Jumatatu Shemasi Pettway alinipigia. Nilidhani atanikemea. Badala yake alikuwa mtamu kama asali.

"Binti, usijitese. Namba ni kama suruali, hukazwa na kulegezwa. Ipandishe Tolliver kidogo, babu yako atapanda nayo. Bodi inakaa Alhamisi, na nusu yao wanangoja sababu tu ya kumpa yeye."

Nikajaribu. Nakuambia kweli yote, nilijaribu. Nikiipandisha Tolliver kidogo, Babu anashinda. Nikiiacha chini kidogo, Mabry anashinda. Uamuzi wote ulikuwa kwenye kidole changu. Nikachapa ukurasa wenye jina la Hosea Tarpley juu kabisa, nikautazama muda mrefu. Unajua ameshaitoa ile suti ya buluu? Imetundikwa mlangoni mwa chumba chake tangu Septemba ipate hewa, na dada mmoja wa kanisani ameshashona kifungo kilichokuwa kimelegea. Hasemi kwamba anautaka uwanja. Lakini kila anapoipita ile suti huivuta mkono kidogo, ikae sawa.

Jumatano nilimwomba Babu anisindikize Tolliver. Nilitaka kuomba radhi, na nilikuwa nimeubeba ukurasa ule mkobani kama zawadi.

Mzee Gaskins alifungua mlango mwenyewe. "Hosea, umeniletea mtoto aliyenizika?"

"Nimemleta akufukue."

Niliomba radhi pale pale kizingitini, maneno yakatoka yamevunjika. Mkewe akanivuta ndani, akanipakulia mimi kwanza, mboga za sukuma wiki na mkate wa mahindi, kama vile sikuwahi kumkosea mtu. Kila tonge lilikuwa zito. Kisha, mjinga mimi, nikamwambia Mzee kwamba ninaweza kurekebisha. Ninaweza kuipandisha timu yake.

"Unipandishe mpaka wapi?"

"Mpaka pale mlipostahili."

"Ni wapi hapo?"

Nikakirudisha kipande cha mkate sahanini.

"Mimi mwenyewe sipajui, binti. Ningetoa jicho moja kucheza na wale wakubwa Jumamosi moja tu, hata wanipige, ili nijue. Hawakunipa. Sasa wewe unataka kunipa ushindi kwa kalamu? Hiyo ni dharau ile ile, ila hii imevaa tai."

Babu hakunitetea. Alikuwa anapaka siagi mkate wake. Baadaye wakaanza kubishana juu ya mchezo wa mwaka sitini na moja, iwapo mkimbiaji mmoja wa Larkin alikanyaga mstari wa pembeni, akatoka nje ya uwanja, au hakukanyaga.

"Alikanyaga, Hosea! Na unajua alikanyaga!"

"Mstari gani? Mvua ilikuwa imeshausomba!"

"Basi ulijuaje hakukanyaga?"

Walipiga kelele mpaka mbwa akatoka nje. Nilikaa kati yao nikatamani ningekuwa nimeusikia ubishi huu mwezi mzima kabla sijafungua kompyuta.

Nisalimie Bwana Linwood wako, mwambie pekani zake nitazituma kabla ya sikukuu ya Shukrani. Nisalimie binamu yangu Tamsin na mapacha wake. Picha yao ya meno yaliyong'oka iko kwenye friji ya Babu. Dada wa kanisani wote wanakukumbuka, hasa wale uliowakemea kwenye kwaya. Mungu alitunze goti lako na moyo wako.

Sasa lile nililokuwa nalizunguka. Nilifikiria kukupigia simu Jumatano ile tuliporudi nikuulize, kwa maana jina ni la baba yako kabla halijawa la babu yangu. Sikukupigia. Niliogopa ungesema, mpe, nami ningempa.

Alhamisi nilisimama mbele ya bodi nikaondoa hesabu zangu, ile ya kwanza na ile ya pili. Niliwaambia kwamba ninaweza kusema nani alikuwa bora kati ya watu wa zama zake. Kutoka zama za Babu hadi za Mabry daraja halipo, na waliolivunja hawamo humu chumbani. Wakiniuliza nani aliwashinda wenye nguvu zaidi, jibu langu ni sijui. Shemasi Pettway akanitazama kama mtu aliyetemewa mate kwenye mchuzi wake. Wakapiga kura. Uwanja utaitwa Mabry, kwa kura moja. Ukurasa wenye jina la Babu ulikuwa mkobani mwangu, na ungeigeuza kura ile. Nilipotoka niliuchana.

Nilimkuta jikoni.

"Wamesemaje?"

"Mabry, Babu."

Alikoroga chai yake. "Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema sijui."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Basi irudishe ile suti kabatini, isishike vumbi." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ila chai hakuimaliza.

Suti nimeirudisha. Ukinikasirikia, nikasirikie mimi, yeye usimwulize. Na kama moyo utakuruhusu, tiketi ile usiirudishe. Nimekwisha kumwalika Mzee Gaskins na mkewe waje hapa nyumbani Aprili, kambare nitakaanga mimi, nao wamekubali. Watakula kwanza. Mimi nitakaa mpaka yeye mwenyewe atakapotaka kukunja kiti chake.

Nakupenda, hata kama wiki hii hutaki kupendwa nami.

Mtoto wa kaka yako,
Lenora